Jina si ufunguo

Likizo iliyopita nilikaa wiki tatu Rumangabo, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, nikiwasaidia rafiki zangu wawili wa uhandisi kuweka seva ya utambulisho katika kituo kidogo cha kusomea. Mimi niliitwa kwa kazi moja tu: kuzitafsiri kurasa za kuingilia ziwe za Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Muda mwingi uliobaki tuliutumia kubishana juu ya fomu yenye visanduku viwili vya majina, na ubishi huo ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Chuo chetu nacho kinajiandaa kuunganisha maktaba, masomo na matokeo nyuma ya mlango mmoja, na nimesikia zaidi ya mara moja hapa kitivoni kwamba hayo ni mambo ya watu wa kompyuta. Mimi nasema nusu ya mambo hayo ni yetu sisi wa lugha. Tukinyamaza sasa tutakuja kulalamika kwa miaka mingi.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana wengi wetu tunakitumia bila kujua kinavyofanya kazi. Kituo kile kilikuwa na mifumo mitatu: orodha ya vitabu katika Koha, masomo katika Moodle, na hifadhi ya sauti yenye hadithi na mahojiano kwa Kinyabwisha, Kihunde, Kinande na Kiswahili. Kila mfumo ulikuwa na akaunti zake na maneno yake ya siri. Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Maneno ya siri yaliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na walioogopa karatasi walitumia neno lilelile kila mahali.

Seva ya utambulisho huondoa shida hiyo kwa kugawa kazi. Maktaba haikuulizi tena neno la siri, bali inakupeleka kwa bawabu mmoja. Bawabu anakuhoji, anaridhika kwamba ni wewe, kisha anakupa hati fupi yenye sahihi yake na saa ya mwisho wa kutumika. Unarudi nayo maktaba. Maktaba inaikagua sahihi, inaona ni ya bawabu inayemwamini, inakufungulia. Ukienda kwenye masomo dakika chache baadaye, bawabu bado anakukumbuka na hakuulizi tena. Maktaba na Moodle havijawahi kuliona neno lako la siri, kwa hiyo haviwezi kulipoteza.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Katika chuo cha MIT, mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983 ulizaa mfumo wa Kerberos, uliopewa jina la mbwa wa vichwa vitatu anayelinda mlango wa kuzimu katika visasili vya Kiyunani. Baadaye vikaja viwango vya tovuti: SAML 2.0 mwaka 2005 na OpenID Connect mwaka 2014. Rafiki zangu walichagua Keycloak, programu huria iliyotoka mara ya kwanza mwaka huohuo wa 2014, kwa sababu inavijua viwango hivyo viwili vya mwisho na haidai malipo ya leseni.

Kuiweka hakukuwa na miujiza. Ilibidi kuacha hifadhidata ndogo inayokuja na programu kwa ajili ya majaribio na kutumia PostgreSQL. Ilibidi kupata cheti cha usalama. Ilibidi kuorodhesha, moja baada ya nyingine, anwani ambazo bawabu anaruhusiwa kumrudishia mtu, badala ya kuweka kinyota kinachoruhusu anwani yoyote. Kilichotusumbua ni saa. Hati ya bawabu ina saa ya kuanza na saa ya kwisha, na kompyuta ya hifadhi ya sauti ilikuwa na betri ndogo ya ndani iliyokufa. Kila umeme ulipokatika, iliamka ikiamini kwamba tuko miaka kadhaa nyuma, na intaneti isipokuwapo hakukuwa na wa kuisahihisha. Machoni pake hati zote za leo zilikuwa hati za wakati ambao haujafika, ikazikataa. Tulibadilisha betri, tukaifanya seva yenyewe iwe mtoa saa kwa kompyuta zote za kituo. Nataja jambo hili kwa sababu lilikwisha kwa mchana mmoja. Jambo la majina halikwisha kwa mchana mmoja.

Fomu ya kawaida ya Keycloak huuliza jina la mtumiaji, barua pepe, jina la kwanza na jina la mwisho. Siku ya kuandikisha watu alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo. Aliitazama fomu, akanitazama mimi, akauliza: “Sasa mwanangu, katika haya matatu nitupe lipi?”

Swali lake lina historia. Mkongomani wa kawaida ana jina, postinomu na jina la ubatizo. Mwaka 1972 Mobutu, katika siasa yake ya kurudi kwenye asili, alipiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni. Yeye mwenyewe aliliacha Joseph-Désiré. Postinomu ilishika nafasi iliyoachwa wazi. Majina ya ubatizo yaliporudi hadharani katika miaka ya 1990, postinomu haikuondoka. Ndiyo maana kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitambulisho cha wengi wetu, ina sehemu tatu za jina. Fomu ya sehemu mbili inamlazimisha mwalimu huyu ama ajikate, ama abandike majina mawili katika kisanduku kimoja kwa namna ambayo mwenzake ataifanya kinyume.

Tena hilo la kisanduku cha “jina la mwisho” linabeba dhana kwamba kila mtu ana jina la ukoo alilorithi kwa baba yake. Kwa Wanande mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule; msichana wa kwanza Masika. Kwa wasemaji wa Kinyarwanda, desturi ni kila mtoto kupata jina lake mwenyewe, mara nyingi sentensi nzima, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina lolote. Pwani ya Waswahili mtu hufuatisha jina lake, la baba na la babu, na mnyororo huo husogea hatua moja kila kizazi. Katika mifumo hii mitatu hakuna jina la ukoo kwa maana ya fomu. Hata hivyo kiwango cha saraka za LDAP, ambazo seva nyingi za vyuo hutegemea, kinamtaka kila mtu awe na sehemu inayoitwa “sn”, yaani jina la ukoo. Ukiiacha tupu, saraka inakataa kukuandikisha.

Rafiki zangu walitaka kutengeneza jina la mtumiaji kwa kanuni iliyozoeleka: jina moja, nukta, jina jingine. Kabla ya jua kuzama tulikuwa na kambale.paluku, kambale.paluku2 na kambale.paluku3. Hakuna cha kushangaza hapo. Mfumo wa majina wenye idadi ndogo ya majina kwa kila nafasi ya uzazi lazima urudie. Siku mbili baadaye yule wa tatu alisahau tarakimu yake, akaandika neno lake la siri mara kadhaa kwenye akaunti ya yule wa kwanza, na kinga ya kuzuia wanaobahatisha ikamfungia nje yule wa kwanza, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Hapo nilisoma kiwango chenyewe, nikitegemea kukuta kosa la Wazungu waliotunga kanuni bila kutufikiria. Sikulikuta. OpenID Connect inasema waziwazi kwamba kinachomtambulisha mtu bila kukosea ni alama moja tu, iitwayo “sub”, ikiunganishwa na anwani ya bawabu aliyeitoa. Jina na barua pepe havifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa hubadilika na huweza kupewa mtu mwingine. Alama hiyo si lazima iwe na maana yoyote. Kwa maneno mengine, waliotunga kiwango walijua kwamba jina si ufunguo. Tunaofanya jina kuwa ufunguo ni sisi tunaojaza mipangilio kwa mazoea.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema ni usumbufu tu, si hatari. Ningekubaliana naye kama kituo kile kingekuwa mahali pengine. Rumangabo ni makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na ina kambi kubwa ya kijeshi. Mwaka 2012 M23 waliichukua; mwaka 2013 jeshi la serikali liliirudisha; mwaka 2022 M23 walifika tena. Katika mji uliobadilisha mikono namna hiyo, orodha yoyote ya watu inaweza kesho kuwa mezani kwa mtu ambaye hukumwandikia. Na katika Kivu jina husomwa. Mtu wa hapa akisikia Masika, au akisikia Habimana, anadhani tayari amejua lugha ya nyumbani, na kutoka kwenye lugha anaruka hadi kwenye mambo mengine ambayo jina halikuyasema.

Jirani zetu wametupa somo ambalo halihitaji maelezo marefu. Kadi za vitambulisho za Rwanda zilianza kuandika kabila katika miaka ya 1930 chini ya utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari huo mmoja wa kadi ndio ulioamua nani apite na nani auawe. Aliyeuweka mstari huo miaka sitini kabla hakuwa amekaa kupanga mauaji. Alikuwa karani anayejaza fomu.

Kuna programu ya utambulisho inayotumiwa na vyuo vikuu vingi duniani, jina lake Shibboleth. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003. Jina limetoka katika Waamuzi sura ya 12: Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno hilo. Waefraimu hawakuwa na sauti ya kwanza ya neno hilo, walitamka “sibolethi”. Andiko linahesabu waliouawa kuwa elfu arobaini na mbili. Kwa mwanafonetiki ni mfano wa kawaida wa darasani. Kwa mtu aliyesafiri barabara ya Rutshuru akihojiwa kwa Kiswahili na mtu anayesikiliza lafudhi yake kuliko majibu yake, si mfano wa darasani.

Lakini programu hiyo yenye jina baya ilitengenezwa kwa kusudi ambalo ningependa tuliige. Mwanafunzi anapotaka kusoma jarida la kulipia kupitia maktaba ya chuo chake, mchapishaji hana haja ya kujua jina lake. Anahitaji kujua jambo moja: huyu ni mwanafunzi wa chuo fulani. Shibboleth inaweza kumpa jambo hilo tu, pamoja na alama isiyo na maana ambayo ni tofauti kwa kila huduma, ili huduma mbili zisiweze kulinganisha daftari zao. Nchi jirani wanaishi na wazo la namna hiyo kila siku katika mtandao wa eduroam, unaopatikana Kenya kupitia KENET na Uganda kupitia RENU: mwanafunzi mgeni anaunganishwa na intaneti ya chuo kingine kwa akaunti ya chuo chake, na chuo mwenyeji hakilioni neno lake la siri.

Kiswahili chetu kina jozi ya vitenzi inayoeleza tofauti hii vizuri kuliko maneno ya kitaalamu: kujitambulisha na kutambuliwa. Kujitambulisha ni tendo langu. Mimi ndiye ninayechagua niseme nini juu yangu. Kutambuliwa ni tendo la mwingine juu yangu. Kwenye mlango mzuri mtu anajitambulisha. Kwenye kivuko cha Yordani watu walitambuliwa. Seva ileile, programu ileile, inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili kutegemea visanduku vya fomu na mipangilio ya daftari lake la matukio, ambalo linaweza kuandika nani aliingia wapi, saa ngapi, kutoka kompyuta gani.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: mwanafunzi hatakumbuka alama isiyo na maana. Mbona tunakumbuka namba za simu, na namba za usajili tunaziandika kwenye kila karatasi ya mtihani? Alama ya herufi na tarakimu nane iliyochapwa kwenye kadi si mzigo. La pili: mwalimu lazima aone majina ya wanafunzi wake. Ni kweli, na ataona, kwa sababu mfumo wa masomo unahitaji jina ili ufanye kazi yake. Orodha ya vitabu haihitaji, na hifadhi ya sauti haihitaji kabisa kuandika ni nani aliyesikiliza mahojiano ya kijiji gani. La tatu ni zito zaidi: mlango mmoja ni hatari moja kubwa, heri karatasi ukutani. Mlango mmoja ukianguka, vyote vinafungwa. Ukivunjwa, vyote vimevunjwa. Nakubali. Ndiyo maana kule Rumangabo diski nzima ya seva ilifichwa kwa msimbo, na kila umeme unaporudi lazima mtu mwenye ufunguo awepo kuiwasha. Ni kero. Asubuhi mbili watu walisubiri nje mpaka mwenye ufunguo alipofika. Lakini mwizi akiibeba kompyuta ile atakuwa na chuma tu. Karatasi ya ukutani haina kinga hiyo.

Nirudi kwenye kazi niliyoitiwa, kwa sababu nayo ilinifundisha. Ukurasa wa kuingilia huenda ndio maandishi yanayosomwa mara nyingi kuliko yote chuoni, na makosa yake si ya mtindo tu. Mtu akikosea, programu husema kwamba jina la mtumiaji au neno la siri si sahihi, bila kusema ni lipi. Katika rasimu yangu ya kwanza nilitaka kuwa mkarimu, nikaandika: “Neno la siri si sahihi.” Ni Kiswahili safi na ni kosa kubwa. Sentensi hiyo inamwambia mgeni yeyote kwamba akaunti aliyoijaribu ipo. Ule utata ni wa makusudi, na mfasiri asiyejua sababu yake atausafisha akidhani anamsaidia msomaji. Vivyo hivyo neno “Toka”. Unatoka katika maktaba pekee au umeondoka kwa bawabu pia? Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu ishirini kwa siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama anayekaa kitini baada yako ataingia kwa jina lako. Tuliandika vitufe viwili: “Funga maktaba” na “Ondoka kila mahali”. Hakuna mhandisi angeweza kuyaamua hayo peke yake, na mimi nisingeyaamua bila mhandisi kunieleza kinachotokea nyuma ya kitufe.

Kwa hiyo nakiomba kitivo mambo manne kabla fomu ya chuo haijaamuliwa. Alama ya kuingilia isitokane na jina, kabila, mahali pa kuzaliwa wala mwaka. Jina liandikwe katika kisanduku kimoja kirefu, kama mwenyewe anavyoliandika, pamoja na kingine kifupi cha namna anavyopenda kuitwa. Kila mfumo upewe yale tu unayoyahitaji, na daftari la matukio lifutwe baada ya muda unaojulikana na kutangazwa. Mwisho, kurasa za Kiswahili zisitafsiriwe na programu usiku wa mwisho. Zipewe darasa la tafsiri kama kazi ya muhula, mhandisi akikaa nao. Wahadhiri wetu wa onomastiki wamefundisha miaka mingi jinsi watu wa Kivu wanavyopeana majina. Sijui mahali ambapo elimu hiyo ingetumika haraka kuliko hapa.

Mwalimu yule alirudi baada ya siku mbili, kama tulivyomwomba. Fomu ilikuwa imebadilishwa. Aliandika majina yake yote matatu kwa mpangilio wake, akapewa alama yake ya herufi na tarakimu nane, akainakili nyuma ya daftari la masomo, akaenda kusikiliza hadithi. Katika daftari la seva kwa siku ile mtu atasoma kwamba alama fulani iliingia na ikatoka. Kwa Rumangabo, hayo yanatosha.